Sindano ya Msuli na Uozo wa Gesi kwa Farasi na Punda

Uozo wa gesi wa misuli ni maambukizi ya bakteria wa jamii ya Clostridium ndani ya nyama ya farasi, punda au baghala, na mara nyingi chanzo chake ni sindano. Dalili hujitokeza kati ya saa 6 na saa 72 baada ya mnyama kuchomwa, wengi wao ndani ya siku mbili za mwanzo. Shingo au paja huvimba, joto la mwili hupanda, mnyama huacha kula, na asipotibiwa huweza kufa siku hiyo hiyo au ya pili yake. Si ugonjwa wa kila siku: farasi wengi huchomwa sindano za msuli maisha yao yote bila kudhurika. Ukali wake ndio unaoupa uzito, pamoja na jambo moja linalowakera matabibu wa wanyama tangu zamani, kwamba huanzishwa na mkono uliokuja kutibu.

Mhusika mkuu ni Clostridium perfringens, aliyeelezwa mwaka 1892 na William Welch na George Nuttall huko Baltimore, Marekani. Nyuma yake yupo Clostridium septicum, ambaye Louis Pasteur na Jules Joubert walimtambua mwaka 1877. Huyu hupatikana mara chache zaidi lakini huua wengi zaidi kati ya anaowashika. C. novyi na C. sordellii huonekana mara mojamoja. Ndugu yao C. chauvoei ndiye anayesababisha chambavu, ugonjwa ambao wafugaji wa ng'ombe wa Afrika Mashariki wanaujua vizuri: ndama mnene aliyekuwa mzima jana anakutwa asubuhi anachechemea, paja limevimba na likiguswa linachakarika, na jioni amekufa. Anayekijua chambavu ameshaujua uozo wa gesi wa farasi kwa sehemu kubwa. Tofauti ni kwamba ndama hahitaji sindano ili augue, ilhali farasi kwa kawaida huihitaji.

Bakteria hawa hawastawi penye oksijeni. Mazingira yakiwa mabaya hujifunga katika spora, yaani mbegu yenye ganda gumu inayoweza kukaa udongoni miaka mingi ikistahimili jua, ukame na dawa nyingi za kuua vijidudu. Wamo ardhini, wamo katika samadi, na wamo ndani ya utumbo wa farasi mzima asiye na tatizo lolote. Kwa muda mrefu maelezo yaliyokubalika yalikuwa mepesi: sindano hupita katika ngozi chafu, husukuma spora ndani ya nyama, na ugonjwa huanza. Njia hiyo ipo kweli. Lakini mwaka 2003 watafiti wa Kanada walitoa ushahidi wa awali kwamba spora za klostridia huweza kukutwa zimelala ndani ya misuli ya farasi wasio na ugonjwa wowote wa misuli. Inaelekea hutoka utumboni, zikasafiri na damu, zikatua nyamani na kubaki humo bila dhara.

Matokeo yake kwa kazi ya kila siku ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Ikiwa spora tayari imo ndani, kusafisha ngozi hakutoshi kumlinda mnyama, na sindano mpya iliyotoka kwenye karatasi yake inaweza kuleta ugonjwa sawa na ile iliyotumika mara kumi. Kinachoamsha spora ni jeraha linaloachwa ndani: dawa inayounguza nyuzi za nyama, mishipa midogo iliyobanwa na damu kushindwa kupita, na kipande cha msuli kilichokufa ambamo oksijeni haifiki. Humo spora huchipua, na C. perfringens katika hali inayomfaa huweza kujigawa kila baada ya dakika kumi au pungufu. Sumu anazotoa ndizo zinazofanya uharibifu. Iliyo kuu, sumu ya alfa, huyeyusha utando wa seli, huvunja chembe nyekundu za damu na kugandisha chembe sahani ndani ya mishipa, hivyo sehemu jirani nayo inakosa damu, inakufa, na kuwapa bakteria uwanja mpya. Chembe nyeupe zilizopaswa kuja kupambana hukwama mishipani zisifike. Ndiyo maana uvimbe huu huwa na usaha kidogo sana ukilinganishwa na jipu la kawaida, jambo linalomdanganya mtu anayengoja jipu liive ndipo alipasue.

Dawa inayotajwa kuliko zote katika visa vya farasi ni flunixin, dawa ya maumivu na homa ambayo watu wengi huitoa farasi akiwa na msokoto wa tumbo. Ikiingia mshipani hufanya kazi vizuri. Ikiingia msuli huwasha nyama. Karatasi ya maelezo ya baadhi ya watengenezaji huruhusu njia zote mbili kwa farasi, lakini madaktari wengi wa farasi wameacha kabisa kuichoma msulini, na wana haki. Visa vimeripotiwa pia baada ya fenilbutazoni, dipironi, dawa za mzio, vitamini B, prostaglandini, na ivermectin ya sindano ambayo ilikoma kutumiwa kwa farasi katika miaka ya 1980. Hata chanjo zimo katika orodha, ingawa kwa nadra. Fenilbutazoni isichomwe msulini hata mara moja. Nje ya mshipa huozesha nyama bila kuhitaji msaada wa bakteria. Katika tiba ya binadamu adrenalini iliyochomwa msulini imewahi kuleta gangrini ya gesi, yaani uozo huu huu kwa mtu, na sababu haiko mbali: dawa hiyo hubana mishipa ya damu pale inapoingia.

Kwa nchi ya pwani kusini mwa mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, suala hili la sindano lina sura yake. Pundanhar, makao ya tarafa katika wilaya ya Palma, liko bara kidogo kutoka baharini, kwenye njia ya Palma kwenda Nangade na Mueda. Ni nchi ya misitu na ya mbung'o. Kaskazini mwa mkoa huo wa Cabo Delgado ng'ombe ni wachache, na farasi hakupata kukaa huko kwa kudumu. Hilo halikutokana na watu kutomtaka. Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani akitokea Zanzibar na ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja, baghala 2 na punda 4, akikusudia pamoja na mengine kuona ni mnyama gani angeweza kuhimili kuumwa na mbung'o. Msafara ukapanda Ruvuma kwa ukingo wa kaskazini hadi Ngomano. Wanyama wakadhoofika na kufa mmoja baada ya mwingine, wakiwa wameumwa na mbung'o, lakini pia wamebebeshwa mizigo kupita kiasi na kupigwa na waliowachunga, hata jaribio lenyewe likakosa jibu la wazi. Ilibidi kungoja hadi katikati ya miaka ya 1890 David Bruce aonyeshe huko Zululand kwamba nagana inaletwa na kimelea cha damu kinachobebwa na mbung'o.

Vita vya kwanza vya dunia vilirudia jaribio hilo kwa kiwango cha kutisha. Katika mapigano ya Afrika Mashariki farasi, baghala na punda walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa nagana na kwa tauni ya farasi. Vita vilipovuka Ruvuma Novemba 1917, kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck alipowashinda Wareno pale Ngomano, mizigo ya pande zote ilikuwa imeelemea mabegani mwa wapagazi. Wakati huohuo katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, ambako mashamba yalikuwa yamerutubishwa kwa samadi ya farasi kwa karne nyingi, gangrini ya gesi iliwaua askari waliojeruhiwa, na seramu ya kuizuia ikatengenezwa kwa damu ya farasi waliozoeshwa sumu hiyo kidogokidogo. Mnyama aliyewapa binadamu kinga hiyo hadi leo hana chanjo yake mwenyewe iliyozoeleka dhidi ya uozo wa gesi. Chanjo za klostridia zilizotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe huvimbisha farasi pale zinapochomwa, na hazitumiki kama kinga ya kawaida kwake. Anayopata farasi kwa desturi ni ya pepopunda.

Tangu miaka ya 1950 mnyama wa jamii ya farasi anaweza kuishi katika nchi ya mbung'o, lakini kwa sharti la sindano. Hapo ndipo penye ugumu halisi wa jambo hili. Diminazini na isometamidium, dawa kuu mbili za nagana, zimetengenezwa kwanza kwa ajili ya ng'ombe, na zote huchomwa ndani ya msuli. Farasi na punda hawazivumilii kama ng'ombe. Diminazini huweza kuwadhuru kwa kipimo ambacho ng'ombe hakisikii, na isometamidium huacha uvimbe mgumu wenye nyama iliyokufa katikati, yaani kitanda kile kile ambacho spora inakihitaji. Mtu anayempeleka punda Pundanhar hawezi kusema hatachoma sindano ya msuli kamwe; bila dawa ya nagana punda huyo hafiki mbali. Anachoweza ni kuzitenga sindano za lazima na zile za mazoea. Kipimo cha isometamidium hugawanywa sehemu mbili au zaidi, kila moja ikiingia kwa kina mahali pake. Quinapyramini, inayochomwa chini ya ngozi, hutumiwa kwa farasi na ngamia mahali inapopatikana, nayo pia huvimbisha.

Sindano za mazoea ndizo nyingi. Kaskazini zaidi kwenye pwani hii, Lamu, punda ndiye gari: hubeba mchanga, mawe, mbao na watu katika vichochoro ambamo gari halipiti, na tangu mwaka 1987 kuna kituo cha Donkey Sanctuary kinachowatibu. Bara ya Kenya na Tanzania punda ni wengi mno. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 iliwahesabu zaidi ya milioni 1.8. Wengi wao hawajapata kuonana na daktari. Wanachopata ni duka la dawa za mifugo, chupa ya oksitetrasaiklini, chupa ya penstrep, chupa ya multivitamini, bomba moja la sindano, na jirani anayejua kuchoma. Punda aliyechoka huchomwa vitamini. Punda anayechechemea huchomwa dawa ya maumivu. Oksitetrasaiklini huwasha nyama ya farasi na punda, na kazi ya vitamini aliyochomwa punda mwenye njaa ingefanywa vizuri zaidi na majani na siku tatu za kupumzika. Hapa lawama ni ya imani kwamba matibabu bila sindano si matibabu, zaidi kuliko ya uchafu.

Dalili ya kwanza ni uvimbe pale palipochomwa. Mwanzoni ni wa moto na wenye maumivu makali. Ukiwa shingoni mnyama hushindwa kuinamisha kichwa kula au kunywa, ukiwa pajani huburuta mguu. Hupanuka kwa saa, si kwa siku. Baadaye ngozi ya katikati hupoa, hukakamaa kama ngozi iliyokaushwa na kupoteza hisia, na vidole vikiipapasa huhisi viputo vya gesi vikichakarika chini yake. Viputo hivi visisubiriwe, kwani visa vingine huua kabla havijahisika, na kuna visa ambavyo gesi imo ndani sana. Dalili za mwili mzima ndizo zinazotofautisha uozo huu na uvimbe wa kawaida wa sindano: homa, mapigo ya moyo ya kasi, fizi zilizogeuka rangi ya matofali au ya zambarau, mnyama kusimama kichwa chini bila kujali kinachomzunguka. Uvimbe mdogo wa sindano kwa farasi anayekula na mwenye joto la kawaida unaweza kuangaliwa tu. Uvimbe kwa farasi aliyeacha kula ni dharura.

Magonjwa mengine huvimbisha pia. Tauni ya farasi hujaza maji mashimo ya juu ya macho na kuvimbisha kichwa na shingo pande zote mbili, wala haijali sindano ilipita wapi. Nyoka huacha uvimbe wa ghafla, mara nyingi puani au mguuni. Jipu huchukua siku nyingi na humwacha mnyama na nguvu zake. Swali linalofupisha njia ni kama mnyama alichomwa chochote ndani ya siku tatu zilizopita, na lisiulizwe kwa mwenye mnyama peke yake. Aliyemchoma mara nyingi ni mtu mwingine. Sindano iliyokusudiwa mshipa wa shingo nayo ihesabiwe, kwa sababu mnyama akiruka dawa humwagika pembeni mwa mshipa na kufanya kazi ile ile ya kuunguza nyama.

Uthibitisho hauhitaji maabara kubwa. Sindano nene huingizwa katikati ya uvimbe na kuvuta kidogo: hutoka majimaji membamba yenye damu, yenye harufu ya samli iliyochacha, pengine pamoja na gesi. Tone likipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Gram huonyesha vijiti vinene vya zambarau. Zahanati yoyote yenye hadubini inaweza kufanya hivyo kwa muda mfupi. Kuotesha bakteria huchukua siku kadhaa na humtambua mhusika kwa jina, lakini tiba isingoje jina.

Tiba ina nguzo mbili, penisilini na kisu, na hakuna inayoweza kuiachia nyingine kazi yote. Penisilini inayotakiwa ni ile ya kristali, ya sodiamu au potasiamu, inayoingia mshipani. Vipimo vinavyotumika ni kati ya yuniti 22,000 na 44,000 kwa kila kilo ya mwili, hurudiwa kila saa 4 hadi 6, na mwanzoni wengine hurudia mapema zaidi. Hesabu yake hutisha. Farasi wa kilo 400 kwa kipimo cha juu anahitaji yuniti milioni 17.6 kwa mara moja; kila saa 4, hiyo ni zaidi ya milioni 105 kwa siku, sawa na chupa zaidi ya 100 za yuniti milioni moja zilizotengenezwa kwa ajili ya binadamu. Punda wa kilo 150 anahitaji milioni 6.6 kwa mara moja, na hata kwa kipimo cha chini, cha kila saa 6, siku yake humaliza milioni 13. Kwa punda hesabu hiyo inalipika. Penstrep ya dukani haiwezi kushika nafasi hiyo. Penisilini yake ni ya prokaini, ni ya msuli tu, na ikiingia mshipani huweza kumtia mnyama wazimu wa ghafla na kumwua. Tena ni sindano nyingine ndani ya nyama ya mnyama ambaye nyama yake inaoza kwa sababu ya sindano.

Metronidazoli husaidia, ni rahisi kupatikana na hupewa kwa mdomo: miligramu 20 kwa kilo, yaani gramu 3 au vidonge 15 vya miligramu 200 kwa punda wa kilo 150, kila saa 8. Farasi akiacha kula kwa sababu ya uchungu wake, husagwa na kuchanganywa na molasi. Kuna wanaopendelea kuanza na oksitetrasaiklini ya mshipani kwa kuwa huzuia bakteria kutengeneza sumu, wakati penisilini huua bakteria bila kugusa sumu iliyokwisha kutoka. Maji mengi ya mshipani huhitajika, na flunixin yenyewe hurudi hapa kama rafiki, miligramu 1.1 kwa kilo, mshipani. Punda huimaliza mwilini haraka kuliko farasi, hivyo maumivu yake hurudi mapema.

Kisu ndicho kinachoogopwa, na kuchelewa nacho ni kosa la kawaida. Daktari hukata mikato mirefu ya wima kupita ngozi na utando wa msuli hadi ndani ya nyama iliyooza, mingi ya kutosha kufungua uvimbe wote kutoka juu hadi chini. Inatoa gesi na majimaji, inapunguza mbano unaozuia damu, na zaidi ya yote inamwingizia hewa adui asiyeweza kuishi penye hewa. Sehemu iliyokufa haisikii maumivu, kwa hiyo mara nyingi dawa ya kutuliza inatosha mnyama akiwa amesimama. Mikato haishonwi. Huoshwa kila siku na hujaa nyama mpya taratibu, kwa wiki nyingi na pengine miezi. Ngozi ya juu huweza kubanduka vipande vizima na kuacha kovu pana lisilo na manyoya. Nzi wazuiwe, na kinga ya pepopunda itolewe, kwa kuwa kidonda hicho ni mlango wazi kwa klostridia mwingine.

Wanyama wanaopona hawatoki hatarini moja kwa moja. Sumu huweza kuvunja damu, kuharibu figo, kufanya damu igande isipostahili, na kuleta uvimbe wa ndani ya kwato unaomlemaza farasi baada ya jeraha la shingo kupona. Hata hivyo ugonjwa huu si hukumu ya kifo kama ulivyodhaniwa zamani. Katika mkusanyiko wa visa 37 vilivyotibiwa Marekani kati ya 1985 na 2000, karibu robo tatu ya farasi walipona, na wenye C. perfringens walifanya vizuri zaidi. Hao walikuwa farasi wa hospitali, waliofikishwa mapema, wakakatwa na kupewa penisilini usiku na mchana. Mnyama aliye mwendo wa siku kutoka kwa daktari, katika wilaya kama Palma ambayo vita vilivyoanza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia vimevuruga huduma zake zote, hana hesabu hiyo.

Kinga basi inaanza na uamuzi wa njia ya dawa. Dawa yenye umbo la kunywa au la mshipani isichomwe msulini kwa sababu tu ni rahisi. Flunixin ya chupa ya sindano, kwa mfano, huweza kumiminwa mdomoni na ikafanya kazi. Sindano ya msuli isiyoepukika ichomwe katika misuli mirefu ya nyuma ya paja au katika pembetatu ya shingo, mbele ya bega na juu ya mstari wa mifupa. Matako hayafai, kwani kikioza kitu pale majimaji hayana pa kushukia. Kiasi kiwe kidogo kwa kila mahali, si zaidi ya mililita 10 hivi kwa farasi mkubwa na nusu yake kwa punda, na mahali pabadilishwe. Sindano iwe mpya. Spirti huondoa uchafu na kuua bakteria hai lakini haiui spora, na kuchemsha vyombo kwa maji ya kawaida hakuaminiki kwa spora pia. Kinachoziua ni mvuke wenye shinikizo wa nyuzi 121. Baada ya kuchoma, mahali papapaswe asubuhi na jioni kwa siku tatu.

Mnyama akifa, mzoga usipasuliwe pale kijijini. Majimaji yenye damu yanayotoka puani na tumbo linalofura haraka ni dalili za kimeta vilevile, na kimeta huua watu. Tone la damu kutoka kwenye mshipa wa sikio likiangaliwa kwa hadubini litangulie kisu. Kimeta kikiondolewa shaka, sampuli ya msuli ichukuliwe ndani ya saa chache. Katika joto la pwani klostridia wa utumboni huenea mwilini mwote mara mnyama anapokufa, na C. septicum anayeoteshwa kutoka kwenye mzoga wa siku nzima hathibitishi chochote.